Vidole Vinne Chini

3 Februari

Dada Tiara,

Huku tuko wazima. Mama anaulizia nyonga yako kabla hajakuulizia wewe mwenyewe, kwa hiyo ukijibu anzia hapo. Kadi yako ya mwaka mpya ilifika. Mistari miwili. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Nina ombi, na tafadhali usilikatae kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Daraja la magari limefungwa kwa matengenezo, na sisi tunaofanya kazi ng'ambo tunapita daraja la miguu, lile la chuma lenye ngazi themanini na sita. Baiskeli haipiti pale, ngazi ni nyembamba na kona zake kali. Kutoka nyumbani hadi karakana ya miwani ni kilomita saba. Nikitembea nafika mikono inatetemeka, na mkono unaotetemeka haukati lenzi. Wiki iliyopita niliharibu jozi mbili, msimamizi akaniangalia kama anayepima pa kuweka kabati jingine.

Ile baiskeli yako ya tairi moja bado imening'inia stoo, juu ya mapipa. Najua ni ndogo, najua ilitengenezwa izunguke jukwaani na siyo iende mahali. Lakini inabebeka kwapani, inapanda ngazi, na inalala chini ya meza yangu ya kazi bila kumkera mtu. Niruhusu nijifunze. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa uliniahidi kwamba utanifundisha. Kisha ukaanguka, ukahama, na habari ikaishia hapo.

Mdogo wako,
Kijiti


11 Februari

Kijiti,

Mwambie Mama nyonga ipo palepale nilipoiacha, na siku hizi inatabiri mvua kuliko redio. Nashona sare za kazini kwa mashine ya kukanyaga. Nakanyaga kutwa nzima na jioni bado niko kwenye kiti kilekile. Cheka, ruksa.

Baiskeli chukua, inaliwa na kutu bure. Ila nikwambie mapema usije ukasema sikukuambia: kitu hiki watu hawajifunzi ukubwani. Mimi nilianza nina miaka tisa. Wewe una ishirini na tatu na miguu mirefu isiyojua pa kwenda. Utaanguka wiki mbili, utachubuka viwiko, utairudisha stoo, na mimi nitajitahidi nisicheke sana.

Usiipake rangi. Ile nyekundu ni yangu.

Tiara


8 Machi

Dada Tiara,

Imekubali! Siku ya kwanza nilianguka mara thelathini na moja, Mama alihesabu akiwa dirishani na hakutoka hata mara moja kunisaidia. Siku ya kumi na mbili nilikwenda hatua sita. Jana nimeuzunguka uwanja wa shule mara nne bila kugusa chini. Nimelia, sikufichi.

Tairi lilikuwa limekauka, nikaipeleka kwa yule mpiga ngoma wenu wa zamani. Ameacha sarakasi, sasa ni fundi baiskeli karibu na posta. Ameweka tairi jipya, amepaka grisi, kisha akatoka nje kunitazama nikiendesha. Akasema, "Hata dada yako hakuwa na mgongo ulionyooka namna hii."

Sasa nisaidie, wewe ndiye mwalimu. Kiti nikiweke kimo gani kwa safari ndefu? Macho niyaelekeze wapi? Na kubwa kuliko yote: mtu anapandaje bila kushika kitu? Mimi naanza kwa kushika ukuta wa nyumba. Ukuta ukiisha, na mimi nimeisha. Nakukumbuka wewe ukiiweka tu chini, ukairukia, ukaondoka nayo kama unayetoka mlangoni.

Kijiti


14 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hongera! Kumbe damu ni moja. Nimefurahi mpaka nimewaonyesha wenzangu hapa karakana barua yako.

Haya, sikiliza, nakuandikia kwa utaratibu maana ni mambo yaliyonichukua miaka. Kiti kwanza. Kwenye bomba la kiti utaona alama niliyoikwaruza kwa tupa. Ile ilikuwa ya jukwaani, ya kuonekana mrefu mbele za watu. Kwa safari ndefu shusha vidole vinne chini ya alama, ili magoti yakunje vizuri na kupata nguvu. Wengi hukosea hapo.

Macho weka kwenye tairi, hatua moja mbele, siyo zaidi. Ukitazama mbali utapata kizunguzungu. Na uzito wako usiuache kwenye kiti, uweke miguuni. Kiti ni cha kugusa tu. Ukikaa kama umekaa sofani utachoka haraka.

Kupanda bila kushika kitu hakuandikiki. Endelea na ukuta wako, hakuna aibu.

Mpiga ngoma nisalimie. Mwambie macho yake yameanza kuzeeka, aje hapo karakana kwenu mumpime.

Dada yako akupendaye,
Tiara


2 Aprili

Dada yangu Tiara,

Kurasa tatu! Mama ameisoma barua yako mezani kwa sauti, ameirudia, na chai ikapoa.

Nimeyafuata yote kama ulivyosema. Magoti yanawaka moto kidogo, lakini nadhani ni ugeni. Wiki ya tatu sasa naenda kazini kwa tairi moja. Kilomita saba, mizunguko elfu nne na ushei, maana tairi hili dogo ukilikanyaga mara moja linakwenda hatua mbili tu kisha linaomba tena. Naanzia ukutani kwetu. Kwenye daraja naibeba. Ng'ambo kuna nguzo ya taa, naishika, napanda, naondoka.

Na watu, Dada! Pale chini ya ngazi wananisubiri. Wauza magazeti wanapiga makofi. Askari wa barabarani alisimamisha magari pande zote mbili akanipigia saluti, dereva mmoja akatoa kichwa nje akauliza tairi la pili limeibwa lini. Kazini wananiita Sarakasi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu makofi ni yangu, siyo ya kusikia nikiwa pembeni nimeshika koti la mtu.

Habari mbaya ni moja. Kuanzia tarehe mosi Mei karakana inahamia jengo jipya, na safari yangu itakuwa kilomita kumi na nne. Msimamizi ametangaza: atakayechelewa mara tatu ndani ya mwezi, meza yake anapewa mwingine. Nimeipenda kazi hii, Dada. Sitaki kuipoteza kwa ajili ya daraja.

Kijiti


8 Aprili
(haikutumwa)

Kijiti,

Makofi yako. Umeandika "makofi ni yangu" na huoni unaandika kwa nani.

Nina wivu. Nakuonea wivu hadi nikikanyaga mashine uzi unakatika. Nakuonea wivu magoti, nakuonea wivu ngazi themanini na sita, nakuonea wivu hata yule dereva mpumbavu na swali lake. Miaka kumi na saba nilikaa juu ya kile kiti. Niliizunguka mbao ya jukwaa na sahani kichwani mpaka watu wakasimama. Sikuwahi kwenda nayo popote, hata dukani. Haikunipitia akilini kwamba inaweza kwenda mahali. Wewe umeiweka barabarani mwezi mmoja na tayari ina safari.

Na mgongo. Alisema mgongo wako umenyooka kuliko wangu. Mtu aliyenipigia ngoma miaka yote ile, akiutazama mgongo wangu kila siku!

Kiti kiko kwenye alama, Kijiti. Daima kiko kwenye alama. Macho hutazama mbali. Uzito hukaa kwenye kiti. Nilikudanganya yote matatu ili magoti yakushinde uirudishe stoo. Nimeyaandika hapa ili nione yanavyoonekana kwenye karatasi. Yanaonekana vibaya.

T.


8 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera kwa makofi. Usiyazoee sana, watu huwa wanachoka. Magoti kuwaka ni dalili nzuri, shusha kiti kidole kimoja zaidi. Kilomita kumi na nne kwa tairi dogo kama lile ni nyingi mno, fikiria kupanga chumba karibu na kazi.

Mama asisome barua zangu kwa sauti.

Tiara


17 Aprili

Dada Tiara,

Nimeshusha kidole kimoja. Asante.

Jumapili nilikwenda kuijaribu njia mpya. Kilomita kumi na nne, saa moja na nusu ukijumlisha daraja. Inawezekana! Tatizo ni moja: baada ya daraja kuna mteremko mrefu, karibu nusu kilomita, pande zote mashamba. Hakuna ukuta, hakuna nguzo, hakuna hata mti. Nikidondoka katikati siwezi kupanda tena, inabidi nitembee mpaka kwenye kibao cha kituo cha mafuta huko chini mbali. Hiyo ni kuchelewa tayari.

Kwa hiyo nakuuliza mawili. Kwenye mteremko miguu inafanya nini? Breki haina, na pedali zinazunguka na tairi utake usitake. La pili unalijua, nimeshaliuliza: nifundishe kupanda bila kushika. Sema hata kwa maneno machache.

Mpiga ngoma anaendesha baiskeli yake kando yangu mpaka darajani siku hizi. Anapiga mluzi ule mdundo wa onyesho lako.

Kijiti


22 Aprili

Kijiti,

Mteremko ni jambo jepesi. Usishindane na pedali. Tairi likianza kukimbia, achia. Nyanyua nyayo kidogo, lilegeze, liache likupeleke lenyewe mpaka chini.

Kupanda nimeshakujibu.

Ule mdundo ni wangu. Mwambie hivyo.

Tiara


8 Mei

Kijiti mdogo wangu,

Mbona kimya? Safari iliyopita uliniandikia ndani ya siku kumi. Nimehesabu posta, nimehesabu sikukuu, hesabu haitoki.

Jana nilikwenda posta kupiga simu karakana kwenu. Ililia, ililia, hakuna aliyepokea. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka mmehama, na nimekuwa nikipigia jengo tupu.

Ule mteremko bado hujaushuka, sivyo? Kama hujaushuka, usiushuke. Tembea. Andika neno moja tu.

Dada yako


13 Mei

Kijiti,

Barua hii mpe Mama aisome kwa sauti kama wewe huwezi kuisoma. Sitaki kuandika kwa nini huenda usiweze.

Nilikudanganya. Nilikwambia uachie pedali. Ukiachia, tairi linakutupa. Pedali za mteremko zinazuiwa kwa nyuma, kila mzunguko, taratibu, hadi chini. Hakuna anayelijua hilo kuliko mimi, kwa sababu jioni ile jukwaani, kwenye ubao wa mteremko, niliachia pedali moja kwa nukta moja, na nyonga ikavunjika. Nilikupa anguko langu, Kijiti. Nilikaa mezani, nikaandika kwa mwandiko mzuri, nikabandika stempu.

Na kiti pia. Na macho. Na uzito. Yote niliyokuambia yageuze.

Hukunifanyia lolote. Uliniomba kwa adabu. Nilikuwa na wivu, na wivu wenyewe niliulea, nikaupa kiti, nikauambia ukae ule. Kila barua yako ilipokuja niliisoma nikitafuta mahali ulipoanguka. Ulipoandika magoti yanawaka nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, na nikarudi kwenye mashine nikishona huku naimba.

Sasa nimeacha kula. Fundi mkuu wetu amenirudisha nyumbani mara mbili kwa sababu nashona mikono ya shati kwenye kola. Niambie uko hospitali gani. Niambie kama unatembea. Kama hutaki kunijibu, Mama aandike mstari mmoja, hata wa kunilaani.

Tiara


18 Mei

Dada,

Sijaanguka. Kaa, kunywa maji, kisha endelea kusoma.

Barua ya pedali ilifika tarehe ishirini na sita Aprili. Niliisoma nimesimama pale posta, na niliisoma mara moja tu. Nilikuwepo, Dada. Ulipoachia pedali ile jioni mimi nilikuwa pembeni ya ubao nimeshika koti lako, nikakuona mguu ukinyanyuka kabla wewe mwenyewe hujajua. Ulifikiri naweza kusahau? Nilikaa kimya makusudi. Nilitaka na wewe usubiri, ujue ladha yake. Nilipanga mwezi mzima lakini barua yako ya tarehe kumi na tatu imenishinda.

Na ya kiti nilijua zamani. Siku tatu nilikwenda vidole vinne chini, magoti yakawa yanalia kama mlango. Siku ya nne nikafikiria kitu kidogo: Mama alitukatia suruali zote kwa kipimo kimoja, zako na zangu, tangu nilipokufikia kimo. Miguu yetu ina urefu mmoja. Alama yako ingekuwaje isiwe yangu? Nikapandisha kiti mpaka penye alama ya tupa, nikaenda kama maji. Sijakishusha tena, wala kile kidole kimoja. Macho yalijiinua yenyewe siku niliyokaribia kumgonga muuza magazeti.

Utauliza kwa nini nilikuandikia kwamba nimefuata yote. Kwa sababu ulikuwa unaandika. Miaka minne nilipata kadi za mistari miwili. Nilipoanza kukuomba mafunzo ukaanza kuleta kurasa. Nikaona heri dada mwongo wa kurasa tatu kuliko dada mkweli wa kadi.

Na mimi nina langu. Mpiga ngoma hakusema habari za mgongo. Niliitunga. Alichosema ni, "Mlete dada yako." Ndilo neno lake kila ninapopita, na mimi sikukufikishia hata mara moja. Ule mdundo ni wako, naye anaujua hivyo. Nilitaka uone donge kidogo tu, kama nililoliona mimi utoto mzima, nikishika koti huku watu wakikupigia makofi. Sikujua lingekua kiasi hicho.

Bado nimekasirika. Barua ya kiti nimeicheka, ya pedali sijaweza kuicheka, sijui kama nitaweza. Mteremko naushuka kwa kuzuia kwa nyuma, kila siku, na kila siku nakukumbuka hapo katikati. Mara mbili mwezi huu gari limenipita karibu, nikashuka kwa woga, nikashindwa kupanda tena, nikatembea. Mara mbili nimechelewa. Ikifika ya tatu meza yangu inakwenda.

Sina haja ya kujua tena juu ya kiti wala macho. Lakini kupanda bila kushika kitu sikuweza kugundua peke yangu. Nimejaribu asubuhi zote, uwanjani, na bado narudi ukutani. Hilo unalo wewe tu. Niandikie, safari hii kweli.

Kijiti


23 Mei

Kijiti,

Nimeisoma nimekaa, na maji nimekunywa.

Nimejaribu kukuandikia. Nimechana karatasi tano. Mguu mmoja kwenye pedali ya nyuma, kiti katikati ya mapaja, uzito unatupwa mbele kabla akili haijakataa. Umeona? Ni kweli tupu, na haikusaidii kitu. Niliposema hakuandikiki, hilo ndilo neno moja ambalo sikukudanganya. Mimi nilijifunza kwa bega la mtu. Unalishika, unapanda, unalishika kidogo, unapanda, hadi siku moja unagundua hukulishika.

Nimeomba ruhusa wiki mbili. Fundi mkuu amesema niende hata tatu, sare zake zitapumua. Treni inafika Jumamosi saa nne asubuhi. Mama asije stesheni, atalia na mimi nitaanza. Njoo wewe, na uje nayo. Tutaanzia palepale nje ya stesheni, na Jumatatu nitakuwa nimekaa katikati ya mteremko wako na kigoda, bega tayari kwa kupandia, mpaka meza yako iwe salama.

Mpiga ngoma nitamwona baadaye. Kwanza wewe.

Sikuombi unisamehe ya pedali. Nitakuwa hapo, utanikasirikia kwa karibu. Na sitakudanganya tena, kwa hiyo nianze leo: wivu bado ninao. Nikikuona juu ya kiti changu, kwenye alama yangu, mgongo umenyooka, utaniuma, na uso wangu utaonyesha. Usishuke. Shika bega la kushoto, upande wa nyonga nzima, na ushike kwa nguvu.

Koti lako nitalishika mimi.

Tiara